Mtoto akishachanjwa surua, kliniki bado ipo

Mama Junior umeuliza kama mtoto akishapata chanjo ya miezi 9 ndo basi kliniki imeisha, na huyo dada yake wa miaka 13 zahanati inamhusu nini. Haijaisha bibie. Surua rubella inarudiwa miezi 18, hapa ndo wengi wanapotea, yani mtoto akianza kutembea tu kadi inaenda chini ya godoro. Na uzito anaendelea kupimwa mpaka miaka 5, vitamini A kila miezi 6, dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Mimi niko Kongwa huku Dodoma, watoto wengi wanaonekana wamenenepa kumbe ugali mtupu, mizani ndo inakuambia ukweli mapema kabla hujaona mtoto kavimba miguu.

Huyo wa 13 ndo usimwache kabisa, chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi wanapewa wasichana miaka 9 hadi 14, siku hizi dozi moja tu, na inatolewa bure. Afu mpe nafasi aongee na nesi peke yake, ya hedhi na mengine hatayasema wewe umekaa pembeni (hata sisi tulikuwa hatusemi).

Na uso waoshwe kila siku jamani, vikope (ule ugonjwa wa macho, trakoma) huku kwetu vinajulikana, hata kikombe kimoja cha maji kinatosha. Kadi ikipotea nenda hivyo hivyo, usisubiri eti mpaka uipate