Lango la Porta Nigra: mawe yameshikanaje bila saruji?

SWALI: Niko Ujerumani kimasomo na nimelitembelea lango la Kirumi la Porta Nigra, mjini Trier. Naambiwa halina saruji wala chokaa. Mawe yameshikanaje? Na matundu yaliyojaa ukutani ni ya mabomu?

JIBU: Umeambiwa kweli. Lango lile, lililoanza kujengwa mwaka 170 hivi, linasimama kwanza kwa uzito wake. Ni jiwe la mchanga, vipande vikubwa vikifika tani 6, na nyuso zake zimenyooshwa hata jiwe likakaa juu ya jiwe bila kuyumba.

Lakini msingi ukititia upande mmoja, mawe huanza kuachana. Ndiyo maana mafundi walichimba mfereji mfupi juu ya mawe mawili yaliyopakana, wenye kishimo kila mwisho. Humo wakalaza kibano cha chuma chenye ncha zilizokunjwa, wakamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kisha wakapandisha safu nyingine.

Hiyo risasi naistahi sana. Chuma kikifikiwa na maji hushika kutu, na kutu huvimba hadi kupasua jiwe. Ni ugonjwa uleule unaobandua zege kwenye nondo za majengo yetu. Risasi huzuia maji, na kwa kuwa ni laini, hukubali jiwe likisogea kidogo.

Matundu si ya mabomu. Katika Enzi za Kati chuma na risasi vilikuwa mali, basi watu walichokoa maungio wakavitoa. Utayatambua kwa kuwa hayana umbo maalumu na yamefuata pale mawe yanapokutana. Ukuta haukuanguka kwa sababu mzigo wote unashuka wima, jiwe kwa jiwe. Kibano kilikuwa cha kuzuia mwendo wa pembeni tu.

Wangeweza kulibomoa lote. Aliyeliokoa ni mtawa Mgiriki, Simeoni, aliyejifungia humo baada ya 1028. Alipofariki mwaka 1035, Askofu Mkuu Poppo aliligeuza kuwa kanisa, likabaki hivyo mpaka Napoleon alipoamuru mwaka 1804 majengo ya kanisa yaondolewe.

Ukirudi, zitazame nusu-nguzo za upande wa nje. Zimeachwa na vifundo na kingo, kwa kuwa kazi ya kulainisha ilifanywa baada ya jiwe kukaa mahali pake, na hapo haikumalizwa. Kwa fundi, sehemu hiyo inafundisha kuliko ukuta uliokamilika.