Maswali na Majibu: Injili ya karne za kwanza ilipita mikononi mwa nani?

Tangu safu hii ilipogusia safari za Mtume Paulo, wasomaji wameniandikia maswali mengi kuhusu namna kanisa la mwanzo lilivyoeneza ujumbe wake, kuanzia Pentekoste hadi enzi ya Kaisari Konstantino. Nimechagua saba kati ya hayo, na yaliyokuwa marefu nimeyafupisha.

Tangu utotoni nimefundishwa kwamba Mitume ndio walioieneza Injili. Inawezekanaje watu kumi na wawili, hata ukimwongeza Paulo, wafike kote huko? (Msomaji wa Iringa)

Jibu limo katika kitabu chenyewe cha Matendo ya Mitume, tena mahali ambapo wengi wetu hupita haraka. Baada ya Stefano kupigwa mawe, waumini walitawanyika kutoka Yerusalemu, na sura ya 11 inaeleza kwamba baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walifika Antiokia ya Siria wakaanza kusema na Wayunani pia, wakati wenzao walikuwa bado wanasema na Wayahudi peke yao. Mwandishi hakuona haja ya kutaja jina la hata mmoja wao. Hata hivyo ni katika mji huo ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na ni kutoka hapo Paulo na Barnaba walipotumwa safari yao ya kwanza. Kanisa lililomtuma mhubiri mashuhuri kuliko wote liliasisiwa, basi, na watu wasio na jina.

Roma ni mfano wa pili. Paulo alipowaandikia Warumi, yapata mwaka 57, alikuwa hajawahi kuukanyaga mji wao, nao tayari walikuwa wengi kiasi cha kusalimiwa mmoja mmoja kwa jina karibu sura nzima. Alipopelekwa huko hatimaye akiwa mfungwa, alishuka melini Puteoli, bandari ya Italia, akawakuta ndugu waliomsihi akae nao siku saba. Nani aliyekuwa amewahubiria watu wa Puteoli? Mimi naziangalia meli zile zile zilizoleta ngano ya Misri, pamoja na mabaharia wake, wachuuzi, askari waliohamishwa vituo na watumwa waliouzwa kutoka mji hadi mji. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili, kwa kuwa Uislamu nao ulifika kwetu pamoja na wafanyabiashara wa majahazi.

Mpinzani mmoja wa Wakristo, mwanafalsafa Celsus, aliandika yapata mwaka 178 akilalamika kwamba imani hiyo inaenezwa majumbani na wafuma sufu, washona viatu na madobi, watu wasio na elimu, ambao mbele ya mabwana zao hawathubutu kufungua kinywa lakini wakiwapata watoto na wanawake faraghani husema mengi. Celsus alikusudia kudharau. Maneno yake yametufikia kwa sababu Origen, mwanateolojia Mkristo, aliyanukuu miongo kadhaa baadaye ili ayajibu, nayo yanatuonyesha wahubiri wenyewe wakiwa kazini, picha ambayo wasifu wa maaskofu hautupi.

Kama hawakuwa na majengo ya kanisa, walikutania wapi, na nani aliwalisha wahubiri? (Msomaji wa Mombasa)

Walikutana nyumbani kwa watu. Lidia wa Thiatira, mwenye kuuza rangi ya zambarau, alipobatizwa Filipi aliwashurutisha Paulo na wenzake waingie nyumbani mwake, na ndimo waumini wa mji huo walimokuwa wakikutana. Prisila na Akila, waliofukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, walikuwa Korintho wakishona hema. Paulo, aliyekuwa na ufundi huo huo, akakaa kwao akifanya kazi. Baadaye tunasikia habari za kanisa lililokutana nyumbani mwao Efeso, kisha lililokutana nyumbani mwao Roma. Mke na mume mmoja, miji miwili, na karakana ambamo mteja aliyeleta turubai la kushonwa aliweza kuketi akasikiliza mazungumzo bila mtu kumshangaa. Mahubiri ya hadharani yalikuwepo, kama yale ya Athene, lakini kwa mazao ya kudumu naamini sindano ya hema ilishinda jukwaa.

Nyumba ya aina hiyo imechimbuliwa Dura-Europos, mji wa mpakani kando ya Mto Frati, katika Siria ya leo. Ilikuwa nyumba ya kawaida, ikageuzwa kuwa mahali pa ibada yapata mwaka 240, chumba kimoja kikafanywa cha ubatizo na kuta zake zikachorwa picha za Biblia. Ilisalimika kwa bahati ya ajabu: Waajemi walipouzingira mji, yapata mwaka 256, watetezi waliifukia kwa udongo ili kuimarisha ukuta.

Kuhusu kuwalisha wahubiri, upo mwongozo mdogo uitwao Didache, yaani Mafundisho, ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Unaagiza kwamba mtume anayepita apokewe kama Bwana mwenyewe, lakini akae siku moja tu, na ikibidi ya pili. Akikaa siku tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, na akidai fedha, huyo naye ni nabii wa uongo. Msafiri anayetaka kuhamia, kama ana ufundi, na afanye kazi ale. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sidhani kama waandishi wa Didache wangebadili neno hata moja. Nakiri kwamba kila nisomapo ukurasa huo huwakumbuka baadhi ya wahubiri wetu wa leo, ambao namba ya kutumia sadaka hutangulia somo.

Walihubiri kwa lugha gani, ikiwa kila nchi ilikuwa na lugha yake? (Msomaji wa Bukoba)

Kwa Kigiriki cha sokoni, ambacho katika mashariki ya dola ya Kirumi kilikuwa kama Kiswahili kwetu: mtu wa Lamu na mtu wa Kigoma huelewana ingawa mama zao waliwabembeleza kwa lugha tofauti. Kwa lugha hiyo Wayahudi wa ughaibuni walikwisha kuwa na Maandiko, tafsiri iliyoanzwa Aleksandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na katika masinagogi yao waliketi watu wa mataifa waliovutiwa na Mungu wa Israeli. Hao ndio waliokuwa wasikilizaji wa kwanza wa Paulo karibu kila mji alioingia. Kilatini, Kisiria na Kikoptiki vilifuata Injili ilipopenya mashambani.

Nyaraka za Paulo zilifikaje, na kwa nini zilisomwa na watu ambao hakuwaandikia? (Msomaji wa Nairobi)

Posta ya Kirumi ilikuwepo, lakini ilikuwa ya watumishi wa serikali. Mtu wa kawaida alimkabidhi msafiri barua yake. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, anayejitokeza mwishoni kutoa salamu zake mwenyewe, na wataalamu wengi wanakubali kwamba uliletwa na Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Mleta barua hakuwa tarishi tu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo kuulizwa Paulo alimaanisha nini, na kwa waraka mgumu kama ule naamini Fibi alikuwa na jioni ndefu kadhaa. Barua ilisomwa kwa sauti, hivyo msomaji mmoja aliwatosha wasiojua kusoma. Kisha ilinakiliwa na kupelekwa kwa jirani: Wakolosai waliagizwa waupeleke waraka wao Laodikia na kuusoma ule utokao huko.

Wakristo pia walikuwa wepesi kuliacha gombo la kukunja na kutumia kitabu cha kurasa zilizoshonwa, kinachoandikwa pande zote mbili na kubebeka kwa urahisi. Tarehe 17 Julai mwaka 180, watu kumi na wawili wa Scillium, wanaume saba na wanawake watano, walisimamishwa mbele ya liwali huko Karthago, katika Tunisia ya leo. Liwali aliuliza kuna nini ndani ya kasha lao. Mmoja wao, Speratus, alijibu kwamba ni vitabu na nyaraka za Paulo, mtu mwenye haki. Barua zilizoandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla yao, ng'ambo ya bahari, zilikuwa zimefika kwa wakazi wa mji mdogo wa Afrika, wakazibeba hadi siku ya kuhukumiwa kifo.

Je, ni kweli kwamba mateso ndiyo yaliyolikuza kanisa? (Msomaji wa Arusha)

Msemo huo unatokana na Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo, aliyeandika yapata mwaka 197 kwamba damu ya Wakristo ni mbegu. Una ukweli wake, kwa maana kifo cha ushujaa huwafanya watazamaji waulize maswali. Lakini mimi siukubali wote. Plinius Mdogo, aliyekuwa gavana kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan yapata mwaka 112 kwamba imani hiyo imeingia mijini, vijijini na mashambani; katika barua hiyo hiyo anataja watu waliokwisha kuiacha, wengine miaka mingi nyuma. Na Kaisari Decius alipoamuru mwaka 250 kila mtu atoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti, Wakristo waliotii walikuwa wengi hivi kwamba makanisa ya Karthago na Roma yalivurugana juu ya namna ya kuwarudisha. Miaka ya utulivu kati ya 260 na 303, ambapo makanisa makubwa yalijengwa waziwazi, ilivuna kuliko miaka ya moto.

Huduma kwa wagonjwa na maskini ilichangia kiasi gani? (Msomaji wa Bujumbura)

Sana. Tauni ilipoipiga dola katikati ya karne ya 3, Dionysius, askofu wa Aleksandria, aliandika kwamba Wakristo wa mji wake waliwauguza wagonjwa hadi wengi wakafa pamoja nao. Mtu anaweza kusema kwamba askofu huwasifu kondoo wake, basi asikilizwe adui. Kaisari Julian, aliyetawala mwaka 361 hadi 363 akijaribu kuifufua dini ya kale, analalamika katika barua iliyohifadhiwa kwa jina lake kwamba Wagalilaya, yaani Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa kwetu pia. Hesabu ya Roma ya mwaka 251, iliyoandikwa na askofu Cornelius, inataja makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa na kanisa.

Watoto wangu wanasema Ukristo uliletwa Afrika na Wazungu. Niwajibu nini? (Msomaji wa Kampala)

Waambie kwamba kwa Afrika Mashariki wana sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa Wareno walifika pwani mwaka 1498 na mmisionari Mjerumani Krapf akafika Mombasa mwaka 1844. Kwa Afrika yote, la. Kirene, walikotoka baadhi ya waanzilishi wa Antiokia, ipo Libya. Towashi aliyebatizwa na Filipo alikuwa mtunza hazina wa Kandake, cheo cha malkia wa Meroe, katika Sudan ya leo. Karthago tumekwisha kuitaja.

Habari ya Aksum, ufalme wa kale katika Ethiopia na Eritrea ya leo, ndiyo ninayoipenda zaidi. Frumentius, kijana kutoka Tiro, alitekwa katika pwani ya Bahari ya Shamu meli yake ilipovamiwa, akalelewa katika jumba la mfalme. Alipopata madaraka aliwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliofika huko, akawahimiza wawe na mahali pa kusali. Baadaye alikwenda Aleksandria kumwomba Athanasius, askofu wa mji huo, awapelekee askofu, na Athanasius akamweka wakfu yeye mwenyewe, akamrudisha. Katika utawala wa mfalme Ezana, karne ya 4, sarafu za Aksum zilizokuwa na alama ya mwezi mwandamo na jua zikaanza kutoka zikiwa na msalaba, na wachuuzi wakazibeba hadi ng'ambo ya bahari.