Dari la jipsamu nimefunga mwenyewe, na wewe unaweza

Jumamosi nimemaliza kupaka rangi dari la sebule nikaweka picha status, yani toka hapo simu haijatulia, "dada fundi wako nani, naomba namba". Fundi ndo mimi. Halafu kuna mdogo wangu mmoja wa Kivule kaniandikia, anasema kapaua tayari ila hela ya fundi imekata, je anaweza kujaribu mwenyewe? Anaweza kabisa.

Mi nilianzaje? Kuna fundi nilimpa hela ya kianzio, akapiga blandaring (zile mbao za juu za kufungia bodi) nusu ya chumba akaaga anafuata skrubu dukani, simu haipatikani mpaka leo. Nimemsamehe lakini nikisikia mtu anaitwa "fundi mzuri" moyo unashtuka bado. Na jirani mmoja, mzee wa watu, aliponiona juu ya jukwaa na drili akasema hiyo si kazi ya mwanamke. Wiki iliyopita kaja mwenyewe kuniuliza msasa wa namba ngapi. Nilimjibu vizuri tu, 120 halafu umalizie na 150, ila nilicheka sana alipoondoka.

Haya, kazi. Bodi ya jipsamu, jipsamu iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, ni mita 1.2 kwa 2.4, za dari wengi tunatumia milimita 9. Usiibebe peke yako, inapinda katikati na kona zinavunjika, tafuta mtu wa kukushikia na mtengeneze mti wa mbao wenye umbo la T wa kuikandamizia juu wakati unafunga. Kukata hakutaki msumeno, chana karatasi ya mbele kwa kisu kikali ukifuata rula, igonge kwa nyuma itakatika kwenye mstari, halafu malizia karatasi ya nyuma. Maungio yapishane kama tofali. Skrubu za kufungia bodi kwenye mbao za blandaring chukua za milimita 35, acha kama sentimita 20 kati ya moja na nyingine, kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi maana karatasi ikichanika hiyo skrubu haijashika kitu, piga nyingine pembeni yake.

Kufunga bodi ni haraka, kazi iko kwenye maungio. Hapa ndo mafundi wa kukimbizana wanatuachia nyufa, unahamia tu, miezi miwili mistari yote inaonekana darini. Bandika tepu ya nyavu kwenye kila ungio ndo upake unga wa jipsamu, mkono wa kwanza mwembamba, uache ukauke, wa pili mpana zaidi, wa tatu mpana kuliko huo. Na unga ukorogee kidogo kidogo, maji yatangulie ndoo ndo unanyunyizia unga juu. Jipsamu ni jiwe jamani, lile linalochimbwa Makanya kule Same na Itigi, linachomwa maji yanatoka linakuwa unga, ukilirudishia maji linarudi jiwe. Ukishika ndoo utasikia inapata joto, hapo muda umekwisha, usiongeze maji ukadhani umeokoa kitu, mwaga. Na ndoo uioshe kila mara, mabaki makavu yanafanya mkorogo mpya ugande kabla hujapanda jukwaa.

Ukishapiga msasa (vaa barakoa, lile vumbi si la kuchezea) subiri usiku, zima taa, lalisha tochi ya simu kwenye dari mwanga uende kwa ubavu. Kila bonde na kila mchirizi wa skrepa (kile kibati cha kupakia unga) utauona una kivuli chake. Mi nilitamani kulia, lakini nikarudia, rangi haifichi kitu na ikiwa ya kung'aa ndo inakuanika zaidi. Wengine wanakimbilia urembo, wanapaka puti nzito wanapitisha sponji au mfuko wa nailoni itoke michoro, inapendeza kweli, ila ufa ukitokea hapo kuziba mchoro ufanane ni shughuli. Ukitaka urembo uweke kwa sababu unaupenda, sio kwa uvivu. Dada zangu tumezoea kusubiri mtu aje atufanyie, tunalipa, tunalia, tunalipa tena. Shika skrepa!

Aliyeuliza kuhusu kuziba tobo la ukubwa wa ngumi kwenye dari: likate liwe mraba, ingiza kipande cha mbao kwa nyuma ukifunge kwa skrubu pande mbili, weka kiraka cha bodi juu yake, halafu tepu na unga kama kawaida. Doa la kuvuja nalo, kwanza panda ukazibe bati kabla ya masika, bodi ikiwa imevimba ikate uitoe, ikiwa bado ngumu acha ikauke kabisa upake rangi ya mafuta kwanza ndo ya maji, la sivyo lile doa la njano linarudi. Na bafuni ni zile bodi za kijani zinazohimili unyevu, hizi za kawaida ziishie sebuleni na vyumbani.