Barua kwa mwanangu: Chai ya kwa Ami

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na pesa ya dawa nayo imefika Jumatatu. Mungu akuzidishie huko Doha. Kuna swali umeniuliza kwenye simu mara mbili, na mara zote mbili nililikwepa: kwa nini kila alfajiri nikitoka msikitini nakwenda kunywa chai hotelini kwa Ami pale Mwembe Tayari, ilhali mamako keshaamka na mahamri yake hayana mfano? Ukaongeza, "Baba, hiyo ni elfu tatu kwa mwezi." Hesabu yako ni sawa. Leo nakujibu.

Hoteli unaijua. Kabati la kioo mlangoni, meza ndefu za mbao, mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za watu, na wale wazee wanaomimina chai kwenye kisahani ipoe. Mahamri ya pale ni ya kawaida. Mbaazi ndizo zenyewe. Zinarowekwa usiku, zinainjikwa saa tisa hata ziwe laini, zinatiwa tui jepesi na kitunguu na pilipili nzima. Kasimile, lile tui zito la kwanza, huja mwisho, na mpishi hauachii mwiko mpaka sufuria itokote, tui lisije likakatika. Unavunja hamri, mvuke wa hiliki unatoka ndani, unachota nalo.

Ukimaliza hupewi karatasi. Unainuka, na kijana aliyekuhudumia ananadi kutoka huko aliko, "Kofia nyeupe, mia na ishirini!" Ami yuko kaunta, anasikia, unalipa, unatoka. Jambo hilo la kunadi likumbuke.

Mwaka 2017 reli mpya ya kutoka hapa Mombasa ilifunguliwa, na mwaka uliofuata makontena yakaanza kupanda treni kwenda Nairobi. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya kwenda bara yote ipite relini. Amri ilisitishwa Oktoba baada ya watu kuandamana, lakini sisi madereva wa malori tulikuwa tumeshaumia, na si sisi tu. Fikiria wapika chai wa Mariakani na Mtito Andei, waliokuwa wakiishi kwa kusimama kwetu. Tajiri wangu aliuza malori manne kati ya sita. Lile langu lilikuwamo, na mshahara wa miezi miwili sikuuona mpaka leo.

Wewe ulikuwa kidato cha nne. Sikuwaambia, si wewe wala mamako. Kwa miezi minne nilivaa nguo za kazi kila asubuhi nikaaga, na safari yangu ikaishia kwa Ami.

Siku mbili za kwanza nililipa. Ya tatu niliagiza chai ya rangi peke yake, na kijana akaniletea chai ya maziwa, mbaazi na mahamri manne, kama siku zote. Nikamwambia sikuagiza. Akasema, "Ami ndiye ameagiza." Nilikula huku nimeinamisha kichwa, nikiogopa ile sauti ya kunadi, maana meza ilijaa madereva wenzangu wanaonijua. Nikainuka. Yule kijana aliniangalia, akapitisha kitambaa mezani, akanyamaza. Ami alikuwa akiandika kwenye daftari, wala hakuinua macho.

Ikawa hivyo miezi minne. Mtu mzima, mwanangu, mwenye mke na mtoto, anakula kwa deni kila siku, na hakuna aliyejua ila watu wawili. Sijapata kufanyiwa heshima kubwa kuliko hiyo.

Kazi niliipata kwenye benchi lile lile. Mzee mmoja mwenye lori la kubeba mawe ya machimbo ya Kilifi aliingia akilalamika kwamba dereva wake amemtoroka. Ami akanyoosha kidole upande wangu. Karo yako ya muhula wa mwisho ilitoka kwenye mawe yale.

Nilipokwenda kulipa deni, Ami alilifungua daftari akajumlisha mstari kwa mstari, akanirudishia chenji shilingi thelathini. Hakunipunguzia hata senti, nami nilifurahi sana, maana angenisamehe ningerudi pale kama maskini wake. Nimerudi kama mteja.

Sasa Ami amezeeka, miguu inamvimba, kaunta anakaa mwanawe. Asubuhi nyingine tunakuwa watu watano tu. Vijana wananunua chao njiani wakila wanatembea. Kwa hiyo naenda. Sukari nimeacha kama daktari alivyosema, usiwe na wasiwasi. Naagiza chai moja, mbaazi na mahamri mawili, na nikiinuka kijana ananadi kwa sauti yake yote, "Mzee wa dirishani, mia!" Hoteli nzima inasikia.

Babako