Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha benki akasomee uuguzi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumanne nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimeurudishia mlango. Unasema una miaka 33, una digrii yako ya uhasibu, una mke na mtoto, na tangu tumtoe baba yako wodini kazi ya benki haikukai moyoni. Unauliza kama umechelewa kusomea uuguzi, na kama digrii uliyonayo itakufupishia njia. Halafu chini kabisa ukaandika: "Na kwa nini wewe Mama hukutaka tuusomee?"

Naanza na hilo la chini, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Ulipoingia kidato cha tatu ulikuja na karatasi ya kuchagua masomo. Mwalimu wako wa kemia alikuwa akikusifu. Mimi ndiye niliyekaa nawe mezani nikakwambia achana na Fizikia na Kemia, shika mkondo wa biashara. Uliweka vema pale nilipokuonyesha, hukubisha. Nilijua ninachokifanya. Bila masomo yale mawili hakuna chuo cha uuguzi ambacho kingekupokea, na mimi nilitaka iwe hivyo.

Sababu ni usiku mmoja wa mwaka 1996. Nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto, peke yangu na mhudumu mmoja. Masika ilikuwa imekwisha, malaria imepamba moto, kila kitanda kina watoto wawili na mama zao wamelala chini juu ya kanga. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa rika lako, kilo 12, malaria kali. Siku hizo tulitumia dripu ya kwinini, sindano za atesuneti zinazotumika sasa kwa malaria kali zilikuwa hazijatufikia. Mililita 120 ziingie kwa muda wa saa nne. Seti yetu ilitoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo ukipiga hesabu ni matone 10 kwa dakika, tone moja kila sekunde sita. Nilisimama na saa yangu ya kifuani nikahesabu, nikakaza kile kigurudumu cha mpira, nikahesabu tena, hadi tone likawa linaanguka pale pale mshale ulipotimiza sekunde sita. Ndipo nikaitwa mlangoni. Ameletwa mtoto mwingine, ana degedege.

Niliporudi, dripu yote ilikuwa imekwisha kuingia. Huenda mtoto alijigeuza, huenda mama yake aligusa mpira akimfunika. Alikuwa wa baridi, jasho limemtoka usoni, namwita haitiki. Kwinini ikiingia kwa kasi hushusha sukari na hushusha presha. Nilimpa glukosi kwenye mshipa, polepole, mkono mmoja umeshika bomba la sindano na mwingine uko kifuani pake. Akafumbua macho. Baada ya kitambo akaomba maji.

Asubuhi nilisimamishwa mbele ya wenzangu na ndugu wa wagonjwa nikaulizwa nilikuwa wapi. Hakuna aliyeuliza kwa nini nesi mmoja aliachiwa wodi nzima. Nikarudi nyumbani nikakukuta umelala, una miaka minne. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikahesabu pumzi zako kwa saa ile ile. Hapo ndipo nilipoapa kwamba hakuna mtoto wangu atakayebeba mzigo ule.

Nilikosea, baba. Mzigo ulikuwa wangu na kiapo kilikuwa changu, lakini masomo yalikuwa yako. Naomba unisamehe.

Na kosa hilo nimeliona vizuri mwaka huu, baba yako alipopigwa na kiharusi. Ulikaa naye wiki tatu. Nesi wa zamu alikufundisha mara moja tu namna ya kumgeuza, mto uwekwe wapi, kisigino kisiguse godoro. Kesho yake nikakuta karatasi umeibandika ukutani: saa mbili kushoto, saa nne chali, saa sita kulia, na kila mstari una sahihi ya aliyemgeuza. Hata mdogo wako alitia sahihi. Baba yako alitoka pale hana kidonda hata kimoja cha kulalia. Nimefanya kazi hii tangu ujana hadi kustaafu, na nakwambia wapo waliosomea ambao mgonjwa wa hivyo angewatoka na mgongo umechubuka. Kwa hiyo swali la kama unaiweza kazi yenyewe mimi sina.

Sasa digrii. Nadhani maneno haya ya kufupisha njia umeyapata kwa dada yako, binti wa mjomba aliyeko Minnesota. Alichokwambia ni kweli kwa huko aliko. Marekani vipo vyuo vyenye kozi ya haraka kwa mtu mwenye shahada ya fani nyingine, miezi 12 hadi 18, ila kabla ya kuingia lazima uwe umesoma masomo ya msingi kama anatomia, fiziolojia na maikrobiolojia, na mwisho unafanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX. Uingereza nako mwenye shahada anaweza kusoma uuguzi kwa miaka miwili. Kwetu hapa digrii ya uhasibu haikupunguzii hata muhula mmoja. Wanachokitazama ni cheti chako cha kidato cha nne. Nimejua litakuuma, maana umesota Chuo Kikuu pale Mlimani miaka mitatu.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, ngazi ya nne hadi ya sita za NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi. Wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinaongeza nguvu. Wewe una Baiolojia, una Hisabati, una Kiingereza. Hizo mbili zinazokosekana ni zile nilizokuondolea mimi. Shahada ya uuguzi, ile ya miaka minne Muhimbili na kwingineko, inataka mtu aliyetoka kidato cha sita na mchepuo wa sayansi, au mwenye stashahada ya uuguzi iliyo nzuri. Kwa hali yako usiifikirie sasa. Pitia stashahada, ufanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga upate leseni, shahada utaikuta mbele ukiwa tayari kazini.

Maana yake ni kwamba jambo la kwanza ni kurisiti, yaani kurudi kwenye mtihani wa kidato cha nne. Usiache kazi! Jiandikishe kama mtahiniwa wa kujitegemea, Kemia na Fizikia, mtihani ni Novemba. Tafuta mwalimu wa jioni, ukitoka benki saa kumi na moja nenda twisheni, Jumamosi nenda twisheni. Najua utachoka. Nataka uchoke ukiwa bado una mshahara. Kama mwaka huo wa hesabu za moli na milinganyo ya kemikali utakushinda au utakuchosha hamu, utakuwa hujapoteza kitu, na mimi sitakucheka. Na kama kufika Novemba bado unautaka uuguzi, basi barua ya kuacha kazi utaiandika mkono hautetemeki.

Umri usikutishe sana. Chuoni tulifundishwa kwamba Florence Nightingale mwenyewe alikwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851 akiwa na miaka 31. Hesabu yako wewe naiona hivi: ukifaulu, unaingia chuo na miaka 35, unatoka na 38, leseni ikichelewa ni 39. Ajira za serikali wanapokea mtu asiyezidi miaka 45, na kustaafu kwa lazima ni 60. Bado una miaka 20 ya kazi. Lakini sikufichi, ajira haikusubiri mlangoni. Wapo vijana wenye leseni wanaojitolea hospitalini mwaka wa pili sasa, wanavaa sare, wanakesha, wanapewa nauli tu, wakingoja kibali cha ajira kitoke. Ukiingia utaanza kama Afisa Muuguzi Msaidizi, na mshahara wake usiulinganishe na unaopata sasa. Na deni la Bodi ya Mikopo uliyosomea chuo halifutiki kwa kuwa umeacha kazi. Deni hilo wanalokukata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi ungelimaliza kwanza, au ulifikishe karibu na mwisho.

Utakaa darasani na watoto wa miaka 18 wanaokuita anko. Wodini utatumwa bedipani na sista inchaji aliyezaliwa wewe ukiwa darasa la sita, na hatajali ulikuwa unasimamia matawi mangapi ya benki. Ipeleke. Ioshe vizuri. Kumwogesha mgonjwa kitandani ndiko kunakokufundisha kumtazama: unaona mguu uliovimba, unaona upele, unasikia pumzi zimebadilika kabla hajasema. Wenye haraka ya kushika sindano huwa hawaoni hayo.

Halafu wewe ni mwanamume. Wagonjwa watakuita dokta hata ukiwasahihisha mara kumi, na utaona aibu mbele ya mwenzako wa kike mwenye ujuzi kukuzidi anayeitwa nesi tu. Endelea kuwasahihisha. Ukunga huwezi kuukwepa, umo ndani ya kozi, utazalisha. Hapa Tanga, na Pwani yote, utakutana na mama atakayekataa usimkaribie, au mumewe atakayesimama mlangoni. Usikasirike, na usiseme "hii ni hospitali." Jitambulishe, omba ruhusa, vuta pazia, mwombe mwenzako wa kike awepo. Kama bado hataki, mpishe. Nilifanya kazi na mkunga mwanamume mmoja ambaye mwanzoni kina mama walimkimbia, na baadaye wakawa wanauliza getini kama yupo zamu. Alikuwa na subira na mikono yake haikuwa na haraka. Hakuwa na siri nyingine.

Jambo moja naomba ulipime mwenyewe, mimi siwezi kukupimia. Inawezekana unachokipenda ni hospitali, si uuguzi. Hospitali nazo zina wahasibu, zina stoo za dawa zinazovuja, zina madai ya bima yanayorudishwa kwa sababu fomu imejazwa vibaya. Mtu kama wewe akikaa pale anaokoa maisha pasipo kugusa damu, na nasema hivyo kwa sababu nimeona wodi imekosa glavu huku fedha ipo. Kama ni hilo, unaweza kuhama kazi mwakani bila kurisiti chochote. Ila kama unapofumba macho unachokiona ni ule mgongo wa baba yako na mkono wako unaosogeza mto, basi ni uuguzi. Hapo hata ukipewa ofisi ya mhasibu mkuu wa hospitali bado utakuwa unachungulia wodini.

Kuhusu hesabu usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mkikosea benki mnaliona kosa jioni mnapofunga vitabu. Dripu haina jioni. Wewe ni mtu wa kurudia hesabu mara mbili tangu utoto, na ningekuwa na nesi wa namna hiyo pembeni yangu usiku ule wa 1996, mmoja tu, aendelee kuhesabu matone wakati mimi nimeitwa mlangoni, nisingeapa kile kiapo.

Fedha. Kiinua mgongo changu kimebaki kidogo, matibabu ya baba yako yamekula sehemu kubwa na ni haki yake. Ada ya mwaka wa kwanza naweza kuibeba, na hilo usinibishie, kwa sababu nina deni lako la Fizikia na Kemia. Mjukuu wangu akija kukaa kwangu nafurahi, shule ipo hapa jirani na baba yako atapata wa kumsumbua afanye mazoezi ya mkono. Kodi ya nyumba ya Dar kwa miaka mitatu sina, na sijaona kwenye ujumbe wako mahali ulipoandika itatoka wapi.

Wala sijaona mahali mkwe wangu anasema chochote. Umeandika "tumeamua" mara mbili, lakini maneno yote ni yako. Yeye ndiye atakayebaki na mshahara mmoja, ndiye atakayelala peke yake ukiwa zamu ya usiku, Idi na sikukuu zote. Jumapili jioni nipigie simu. Ukishanisalimia mpe yeye simu, kisha utoke nje hadi barazani, tuzungumze sisi wawili.

Mama yako