Kibarua wa Euthyphro: jibu langu kwa swali la wiki

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kijana wetu anayekwenda Marekani kusoma katika vile vyuo vidogo, ambako mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza na waandishi wa Ugiriki ya kale, Homer na Plato, kabla ya kuchagua fani, anarudi na kitu cha kumpatia kazi. La kazi nawaachia waajiri. Mimi ni mhasibu niliyepitia chuo cha aina hiyo, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za Plato kwenye usaili. Nitajibu lile lililojificha nyuma ya swali lenu, yaani kama vitabu hivyo vinamhusu kijana huyo hata kidogo, kwa sababu nimechoka kuwasikia watu wasiowahi kuvifungua wakisema kwamba ni mambo ya Wazungu. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, zikachapishwa mwaka 1963 na 1969 akiwa Ikulu, na sidhani kwamba alikosa kazi ya kufanya.

Utaratibu wenyewe si mkongwe kama unavyosifiwa. Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha kozi yake ya lazima mwaka 1919, na St. John's College cha Annapolis kikaenda mbali zaidi mwaka 1937, kikawaweka wanafunzi wote kwenye orodha moja ya vitabu. Chuo changu kilifuata nyayo hizo kwa kiasi: meza ndefu, wanafunzi wasiofika ishirini, na mwalimu anayeuliza swali moja la kufungulia kisha ananyamaza hadi mnakosa raha.

Jioni ninayoikumbuka tulikuwa tunajadili Euthyphro, kitabu kifupi cha Plato cha mazungumzo. Mwanafalsafa Sokrates, ambaye ameshtakiwa, anakutana mlangoni mwa mahakama na Euthyphro, ambaye amekuja kumshtaki baba yake mzazi kwa mauaji. Kibarua wa shamba lao katika kisiwa cha Naxos alilewa akamchinja mtumwa wa nyumbani; baba akamfunga mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athene kuuliza wajuzi wa dini afanyeje. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alikufa kwa njaa, baridi na pingu.

Nilisema kwamba mtoto anayemburuza baba yake mahakamani amejikosesha radhi, na asiye na radhi hana pa kwenda hata akishinda kesi. Wenzangu waliyaandika maneno yangu madaftarini kwa heshima kubwa mno, kama watu waliopewa taarifa za kabila la mbali. Ndipo kijana mmoja kutoka Iowa, mtoto wa wakulima ambaye alikuwa hasemi wiki nzima, akauliza: "Na huyo kibarua, baba yake yuko wapi?"

Tukafunua kurasa kumtafuta. Hakuwa na baba wala jina, na mtumwa aliyeuawa naye hakuwa na jina. Binti mmoja akasema kwamba muuaji hastahili kuombolezewa. Mwingine akamjibu kwamba shimo si hukumu. Tukabishana kama baba alikuwa muuaji au mzembe tu, na kama mwana alitafuta haki au aliogopa najisi ya kuishi nyumba moja na mwenye damu mikononi, maana hofu hiyo anaitaja mwenyewe. Sokrates, kwa upande wake, alikwisha kumwacha kibarua shimoni na kuanza kuuliza uchaji ni nini: je, jambo linapendwa na miungu kwa kuwa ni la uchaji, au ni la uchaji kwa kuwa linapendwa nao? Swali hilo ni zito na limewatesa wanafalsafa hadi leo, lakini usiku ule lilinikera. Kwetu tulikuwa na kahawa, na vibarua wa msimu walikula upande wa pili wa banda.

Ninapoandika haya naona kwamba aliyeniamsha usiku ule si Plato bali yule kijana wa Iowa, na kwamba kitabu kingine kingeweza kutufikisha palepale. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, anamhesabia binti yake radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume; usome kando ya Euthyphro uone kama meza itakalika. Orodha za wenzetu hazikumjua. Ile seti mashuhuri ya vitabu vikuu, Great Books of the Western World, ya juzuu 54, iliyotolewa Marekani mwaka 1952 haikuwa na mwandishi mwanamke hata mmoja, na ilipopanuliwa mwaka 1990 waliongezwa wanawake wanne, bila mwandishi mweusi.

Kwa hiyo, pamoja na ukali niliouanza nao, sishauri vyuo vyetu vifanye masomo haya kuwa ya lazima kwa sasa. Kwenye ukumbi wa wanafunzi mia kadhaa, Euthyphro atageuka kuwa nukuu za kukariri, na swali la mtihani litakuwa "taja maana nne za uchaji". Mpwa wangu amepata nafasi huko huko Marekani na amechagua uhandisi, sikumzuia. Ila mwalimu wa kidato cha sita mwenye darasa dogo, na mkuu wa shule asiyemkimbiza na silabasi, anaweza kujaribu: aanze na Mwana Kupona, Euthyphro afuate wiki ya pili, na yeye mwenyewe asitoe jibu.