Hesabu Tena Kabla Hujamsema Mtu

Nilipopewa usimamizi wa zamu kwenye godauni moja la chai hapa Shimanzi, Mombasa, nilidhani uongozi ni sauti. Basi nikapaza.

Kwa wasioijua kazi yetu: chai ya Kenya na ya majirani kama Uganda na Rwanda huletwa Mombasa kuuzwa kwenye mnada, nayo hulala kwenye magodauni mpaka mnunuzi aifuate. Kila loti, yaani fungu la chai linalouzwa pamoja, ina alama zake, uzito wake na idadi yake ya mifuko. Idadi isipolingana, lori halitoki.

Siku moja karatasi ilisema mifuko 42, paleti zikasema 40. Nikamgeukia kijana wa forklifti, nikamsema mbele ya mahamali, karani na dereva wa lori. Hakujibu neno. Alivua glavu zake, akazikunja, akaenda kukaa juu ya paleti tupu. Nusu saa baadaye nikaona kwamba ile 42 ni mwandiko wangu. Loti ilikuwa na mifuko 40 tangu ilipoingia.

Nilimfuata nikamwomba radhi, polepole, pale nyuma karibu na choo. Mzee mmoja wa hamali akapita na ndoo yake, akasimama. "Bwana mkubwa, umemvunjia heshima uwanjani, radhi unampa chooni?"

Sikulala vizuri. Asubuhi, kabla ya lori la kwanza, nikawakusanya wote nikasema: hesabu niliikosea mimi, na huyu nimemwonea. Ilichukua dakika moja, na ilikuwa ngumu kuliko kubeba mfuko wa chai kwa kichwa. Tangu hapo nina desturi mbili. Kosa nililolifanya mbele za watu nalirekebisha mbele za watu hao hao. Na kabla ya kumuuliza mtu kitu kimekwenda wapi, nahesabu mwenyewe mara ya pili, kwa kidole.

Desturi ya tatu ni kijidaftari cha mfuko wa shati. Mtu akiniomba ruhusa ya kwenda mazikoni, au glavu mpya, naandika hapo hapo, kwa sababu nikisema "nitaangalia" bila kuandika, nimekwisha kusahau. Jioni nakipitia nikinywa kahawa tungu. Lisilowezekana namwambia mwenyewe siku hiyo hiyo kwamba haliwezekani. Watu huvumilia "hapana" kuliko unavyodhani. Wanachochoka nacho ni kuzungushwa.

Kuhusu kuwahi: nakaa Likoni, na feri ndiyo kisingizio cha kila mtu wa ng'ambo. Nikikitumia mimi, kesho zamu nzima inacho. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri niko njiani. Hayo mambo ya kuamka saa tisa usiku na kuoga maji baridi ili uwe kiongozi, siyajui, na sijaona yamemsaidia nani.

Kwenye kikao cha asubuhi nasema mwisho. Nikianza mimi, wote huitikia "sawa, bosi", na tatizo la breki za forklifti nalisikia baada ya wiki.

Yule kijana siku hizi ndiye anayehesabu nami. Juzi aliniambia mbele ya dereva kwamba nimekosea. Tukahesabu upya, paleti kwa paleti. Safari hii nilikuwa sawa. Akacheka, akaenda kuniletea kahawa.